Kufundisha Mgawanyo wa Intaneti Nyumbani: LUKU, Bomba na Sauti

1. Utangulizi

Ni kanuni ya siku nyingi katika kazi yetu ya ualimu kwamba mtoto huongozwa kutoka jambo analolijua hadi jambo asilolijua, na kutoka kitu anachoweza kukishika mkononi hadi wazo asiloweza kulishika. Walimu-wanafunzi huikubali kanuni hii wanapoulizwa katika mtihani, lakini mara nyingi huiacha mlangoni pale somo linapohusu TEHAMA. Hapo mwalimu huandika ubaoni orodha ya majina ya vyombo, wanafunzi huyanakili, na kipindi humalizika bila mtu kufahamu vyombo hivyo hufanya kazi gani.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mada moja ya TEHAMA inavyoweza kufundishwa kwa kuifuata kanuni hiyo, hata katika darasa lisilo na kompyuta. Mada yenyewe ni kuweka mtandao usiotumia waya nyumbani, yaani waifai, ili watu kadhaa wagawane intaneti moja. Tumechagua mazingira ya Temeke na Kinondoni, mkoani Dar es Salaam, kwa sababu huko watu wengi huishi katika nyumba za kupanga, na kugawana huduma ni jambo la kila siku.

Hoja yetu ni hii. Watu wanaogawana intaneti hugawana mambo matatu yaliyo mbalimbali: kiasi, kasi na mawimbi. Asiyeweza kuyatenga mambo hayo hutibu ugonjwa usiokuwapo. Hununua kifurushi kingine, kumbe ruta imefichwa nyuma ya kabati la chuma. Au hununua ruta mpya, kumbe kifurushi kimekwisha. Kwa kaya yenye kipato kidogo, fedha inayopotea hivyo ni fedha ya unga na ya daftari. Kwa hiyo mwalimu anayelifundisha jambo hili vizuri huwapa wanafunzi elimu itakayotumika nyumbani jioni ile ile.

2. Mambo matatu yanayogawanywa

Tuitazame nyumba ya kupanga ya kawaida, ile iitwayo nyumba ya Kiswahili, kama zilivyo nyingi Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tandale. Ukumbi, au korido kama wengi waitavyo, umepita katikati. Vyumba vimepangwa kulia na kushoto, aghalabu vitatu kila upande. Nyuma kuna ua wenye jiko, choo na bomba. Humo huweza kuishi kaya nne au tano zinazotumia mita moja ya LUKU na bomba moja la maji. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo amekwisha kuyajua, pasipo kufundishwa darasani, mambo makuu ya kugawana huduma moja. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba anayajua.

(a) Kiasi. Uniti za LUKU zikiisha, nyumba nzima huingia gizani, aliyepiga pasi na asiyepiga. Kifurushi cha intaneti ni vivyo hivyo. Kifurushi cha gigabaiti 20 kikigawanywa sawa kwa watu wanne, kila mmoja hupata gigabaiti 5. Lakini hakigawanyiki chenyewe. Video ya ubora wa wastani yaweza kula nusu gigabaiti hadi gigabaiti moja kwa saa. Hivyo mpangaji mmoja anayetazama saa mbili kila siku aweza kukimaliza kifurushi kizima peke yake kwa muda wa siku 10 hadi 20. Mwalimu aonyeshe pia mahali mfano huu unapofika mwisho wake: uniti zilizoingizwa katika mita hukaa hadi zitumike, ilhali vifurushi vingi vina siku ya kwisha, hata kama havikutumika.

(b) Kasi. Ndoo nne haziwezi kujaa kwa wakati mmoja chini ya bomba moja kwa haraka ile ile ya ndoo moja. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na kiasi hupimwa kwa megabaiti au gigabaiti. Biti nane ni baiti moja. Basi huduma yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde huleta megabaiti 1 kila sekunde, na faili la megabaiti 600 huhitaji sekunde 600, yaani dakika 10. Watu wanne wakipakua mafaili ya namna hiyo kwa wakati mmoja, kila mmoja hupata karibu megabiti 2 kwa sekunde, na faili lile lile huchukua dakika 40. Hakuna aliyeibiwa, bomba limegawanywa. Zipo huduma, hasa za waya wa faiba, ambazo hulipiwa kwa mwezi pasipo kuhesabu kiasi kilichotumika. Hata huko swali la kasi hubaki pale pale.

(c) Mawimbi. Ruta na simu husemezana kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo tunaweza kuyafananisha na sauti ya mtu aliyesimama ukumbini. Aliye karibu humsikia vizuri. Aliye chumbani nyuma ya mlango humsikia kwa shida. Aliye uani, nyuma ya kuta mbili, huenda asimsikie kabisa. Ruta nyingi hutumia bendi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Ya pili aghalabu ina kasi kubwa zaidi, lakini hudhoofika upesi inapokutana na ukuta. Mistari ile inayoonekana juu ya kioo cha simu huonyesha tu jinsi simu inavyoisikia ruta. Haionyeshi kwamba ruta yenyewe imepata intaneti. Mtu anaweza kumsikia jirani yake vizuri sana, na jirani huyo akawa hana habari yoyote ya kumpa.

3. Mwalimu aweke mtandao mwenyewe kwanza

Hatumtarajii mwalimu afundishe kuogelea ikiwa hajapata kuingia majini. Kabla ya kuliandaa somo, mwalimu-mwanafunzi ajaribu kuweka mtandao huu mahali anapoishi, au ashirikiane na mwenzake mwenye vifaa. Hatua zenyewe ni tano.

Hatua ya kwanza ni kuchagua chanzo. Kuna njia tatu zilizozoeleka. Simu ya kisasa inaweza kugawa intaneti yake kwa simu nyingine. Njia hii haihitaji kununua chombo, lakini betri huisha upesi, na mwenye simu akiondoka intaneti huondoka naye. Ruta inayotumia laini ya simu hukaa nyumbani daima, na huweza kuhudumia watu wengi zaidi. Waya wa faiba huleta kasi iliyo imara zaidi pale ulipofika, ila haujafika kila mtaa. Kabla ya kununua ruta ya laini, yafaa kupima kwa simu ni kampuni gani inayoshika vizuri katika nyumba hiyo, kwa kuwa kampuni inayoshika vizuri Tegeta huenda isishike hivyo Chamazi.

Hatua ya pili ni kuchagua mahali. Mahali pazuri katika nyumba ya Kiswahili ni katikati ya ukumbi, juu, kwa kimo cha mtu au zaidi, karibu na soketi. Ruta isiwekwe sakafuni, wala nyuma ya friji, kabati la chuma au tanki la maji, kwa sababu chuma huyarudisha mawimbi na maji huyameza. Ikiwa ruta hutumia laini na mawimbi ya mnara ni hafifu ukumbini, yabidi kuisogeza karibu na dirisha, na kukubali kwamba chumba cha mbali kitapungukiwa. Hapa mwanafunzi hujifunza kwamba ruta ina masikio mawili, moja la kuusikia mnara na jingine la kuzisikia simu, na mahali pake ni mapatano kati ya hayo mawili.

Hatua ya tatu ni kubadili majina na nywila. Chini ya ruta kuna karatasi iliyobandikwa yenye jina la mtandao, nywila yake, na anwani ya kufungulia ukurasa wa marekebisho, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Mwalimu huunganisha simu yake na mtandao huo, hufungua kivinjari, huandika anwani hiyo, kisha hubadili nywila mbili: ile ya kuingilia ukurasa wa marekebisho, na ile ya kuingilia mtandao. Wengi hubadili ya pili na kuisahau ya kwanza. Kufanya hivyo ni sawa na kufunga mlango wa chumba na kuuacha wa mbele wazi, maana nywila ya kiwandani ya ukurasa wa marekebisho huweza kufahamika kwa watu wengi. Palipo na nafasi ya kuchagua aina ya ulinzi, ichaguliwe WPA3, au WPA2 kama simu za nyumba hiyo ni za zamani. Nywila iwe ndefu, na isiwe namba ya simu ya mtu wala jina la mtoto.

Hatua ya nne ni kufahamu jinsi ruta inavyogawa. Hapa tunao mfano ulio karibu. Shule ina Sanduku la Posta moja, na barua zote za walimu huja kwa S.L.P. hiyo. Zikifika, mhusika huzigawa kwa kila mwalimu kwa jina lake. Ruta nayo hutambulika nje kwa anwani moja, lakini ndani ya nyumba hukipa kila chombo namba yake, na hukumbuka ni chombo gani kilichoomba nini. Katika ukurasa wa marekebisho kuna orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Vikihesabiwa saba katika nyumba yenye vyombo vitano, nywila imevuja, na yafaa ibadilishwe siku hiyo.

Hatua ya tano ni kupima. Mwalimu atembee na simu moja ile ile kutoka ukumbini hadi kila chumba na hadi uani, afungue ukurasa ule ule, na aandike katika daftari mahali intaneti ilipo nzuri, hafifu, au hakuna. Mitaa kama Tandale na Tandika nyumba zimekaribiana sana, na ruta za majirani huweza kusema kwa pamoja katika njia moja. Katika bendi ya gigahezi 2.4 njia zisizoingiliana ambazo hutumiwa zaidi ni ya 1, ya 6 na ya 11. Pakiwa na msongamano, kubadili njia huweza kuleta nafuu bila gharama yoyote.

4. Andalio la somo

Darasa: la Sita. Muda: dakika 40.

Madhumuni: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (i) kutofautisha kiasi, kasi na mawimbi, (ii) kueleza kwa nini intaneti hupungua kasi watumiaji wanapoongezeka, (iii) kutaja jambo la kupima kwanza intaneti inaposumbua.

Vifaa: ndoo ya kunawia mikono yenye koki, chupa nne tupu za nusu lita, saa yenye mshale wa sekunde au simu ya mwalimu, karatasi na kalamu.

Utangulizi (dakika 5). Mwalimu aulize: Uniti za LUKU zikiisha nyumbani, ni nani anayekosa umeme? Watu wakiwa wengi bombani asubuhi, ni nini hubadilika? Wanafunzi wajibu kwa maneno yao. Mwalimu asitaje intaneti bado.

Jaribio la kwanza (dakika 15). Ndoo ijazwe maji. Mwanafunzi mmoja ajaze chupa moja, mwingine ahesabu sekunde, na hesabu iandikwe ubaoni. Kisha wanafunzi wanne wajipange, kila mmoja na chupa yake. Kila mmoja aweke chupa chini ya koki kwa sekunde tatu tu, ampishe mwenzake, mpaka chupa zote zijae. Wataona kwamba kila chupa imejaa, lakini kila mmoja amengoja takriban mara nne ya muda wa kwanza. Ndivyo ruta inavyogawa: haimpi mtu mmoja yote na kuwaacha wengine, bali hutoa vipande vidogo vidogo kwa zamu, tena upesi mno hata kila mtu hudhani kwamba anahudumiwa peke yake. Sasa mwalimu aulize ni maji kiasi gani yametoka katika awamu hii ya pili. Jibu ni lita mbili. Hapo kasi imetengwa na kiasi: kuchukua kwa zamu hakukuongeza maji wala hakukuyapunguza. Maji hayo yasimwagwe; yamwagiliwe bustani ya shule.

Jaribio la pili (dakika 10). Mwanafunzi mmoja asimame mlangoni na kusoma tarakimu kumi kwa sauti ya kawaida. Wengine wa mbele, wa nyuma, na kikundi kilicho nje nyuma ya ukuta, waandike wanachosikia. Kisha wanafunzi wawili wasome tarakimu mbalimbali kwa pamoja. Makosa yahesabiwe kwa kila mahali. Darasa litagundua lenyewe umbali, ukuta na mwingiliano wa majirani.

Kuunganisha (dakika 5). Sasa ndipo mwalimu alitaje jina la ruta, aichore ubaoni katikati ya ramani ya nyumba ya Kiswahili, na awaulize wanafunzi iwekwe wapi na kwa nini.

Tathmini (dakika 5). Mwalimu asome hali tatu, na wanafunzi waseme tatizo ni kiasi, kasi au mawimbi: (1) Simu iliyo chumba cha mwisho haifungui kitu, lakini iliyo ukumbini hufungua. (2) Simu zote hufungua polepole saa mbili usiku, na kwa haraka saa kumi na moja alfajiri. (3) Simu zote zina mistari kamili, ruta ina taa, lakini hakuna kinachofunguka tangu jana jioni.

Hali ya tatu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Wengi watasema kifurushi kimekwisha, na mara nyingi watakuwa sahihi. Lakini mwalimu aulize: Je, majirani wanaotumia kampuni nyingine nao wamekosa? Mpaka mwaka 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania ilipitia setilaiti. Mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma, na mwaka 2010 ukafuatiwa na ule wa EASSy. Yote miwili hutia nanga Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku hiyo aliyenunua kifurushi cha pili hakupata nafuu aliyoitarajia. Bomba la uani limeunganishwa na bomba la mtaa, na la mtaa na chanzo kilicho mbali.

5. Mambo ya kuangaliwa na mwalimu

Kwanza, mwalimu asiwaulize wanafunzi mbele ya wenzao ni nani ana simu ya kisasa au intaneti nyumbani. Katika darasa moja la Mbagala huweza kukaa mtoto mwenye ruta kwao na mtoto ambaye simu pekee ya nyumbani ni ya tochi. Swali hilo haliongezi elimu, na huweza kumfanya mtoto anyamaze hadi mwisho wa kipindi. Tumechagua ndoo na sauti kwa sababu hiyo pia: mbele ya koki watoto wote ni sawa.

Pili, mwalimu asichanganye mifano. LUKU iwe ya kiasi, bomba la kasi, sauti ya mawimbi, na S.L.P. ya namba. Akisema leo kwamba kifurushi ni bomba, na kesho kwamba kasi ni bomba, atakuwa amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Tatu, kugawana kunahitaji mapatano. Wapangaji waandike kila kaya italipa kiasi gani, lini, na ni matumizi gani yatangoje usiku wa manane, kama vile kupakua mafaili makubwa. Wasipoandika, ugomvi wa LUKU utapata ndugu yake. Tena laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa cha mtu mmoja. Ikiwa mtu atatumia mtandao huo kutenda jambo linalokatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mwenye laini huenda akawa wa kwanza kuulizwa. Kwa hiyo nywila ni dhamana, na haipasi kugawiwa kila apitaye. Kuchangia gharama ndani ya nyumba ni jambo moja. Kuwauzia majirani intaneti ni biashara ya mawasiliano, ambayo ina taratibu zake za leseni chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

6. Mazoezi kwa walimu-wanafunzi

1. Chora ramani ya nyumba unayoishi. Onyesha mahali pa kuweka ruta, na utoe sababu mbili za kupachagua.

2. Nyumba ina kasi ya megabiti 12 kwa sekunde na watu watatu wanaopakua kwa pamoja. Kila mmoja atahitaji dakika ngapi kupakua faili la megabaiti 300? Onyesha njia.

3. Tunga mfano mwingine wa kasi unaofaa kwa watoto wa kijijini wasio na bomba, kisha ueleze mahali mfano huo unapofika mwisho wake.

4. Fundisha somo hili kwa wenzako watano kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Andika maswali matatu waliyokuuliza ambayo andalio letu halikuyajibu, na uliongezee andalio hilo.